Ndege ya Povu na Mikono Inayoijenga

Cessna 208B ni ndege ambayo wakazi wengi wa Afrika Mashariki wameiona hata kama hawakulijua jina lake. Mabawa yake yamekaa juu ya paa, pua yake ni ndefu na ina injini moja, magurudumu yake hayakunjwi, na tumbo lake pana hubeba abiria, mizigo au mgonjwa aliyelazwa juu ya machela. Hutua kwenye viwanja vya nyasi na changarawe ambako ndege kubwa hazithubutu kushuka. Huduma ya madaktari wanaoruka ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957 na madaktari bingwa wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, ni miongoni mwa walioitumia. Kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine ina mita 15.87, na kutoka puani hadi mkiani mita 12.68.

Ukiipunguza mara sita unapata ndege ya mfano yenye upana wa mita 2.65 na urefu wa mita 2.11. Haipiti mlangoni bila kuvuliwa mabawa. Huongozwa kwa redio kutoka ardhini, huruka kwa umeme wa betri, na karibu mwili wake wote unaweza kutengenezwa kwa povu gumu, lile jeupe linaloikumbatia televisheni mpya ndani ya boksi lake. Makala haya yanaeleza jinsi ndege ya namna hiyo inavyosanifiwa na kujengwa.

Msomaji ana haki ya kuuliza jambo hili linatafuta nini katika jarida la chuo cha tiba. Jibu ni kwamba anayejenga ndege hii huifanya kazi hiyo sebuleni, uani au kwenye banda la nyuma ya nyumba, mara nyingi watoto wakiwa karibu. Humo hukutana na waya wa moto, gundi zenye kemikali kali, vumbi la nyuzi za kaboni, betri zinazoweza kuwaka na rafadha ambayo haiujui mkono wa mwenye mali. Vitu hivi vikiwa kiwandani hubandikiwa tahadhari ukutani. Nyumbani hakuna wa kubandika. Ipo sababu nyingine pia, nayo ni kwamba kanuni zinazotawala ndege ndogo ni zilezile zinazotawala mifupa, ngozi na miili ya watoto, na mwanafunzi wa tiba anaweza kujifunza kitu kwa kuzitazama zikifanya kazi katika umbo jingine.

Kupunguza si kunakili

Mwaka 1638 Galileo alichapisha kitabu ambamo, pamoja na mengine, alijadili mifupa ya majitu. Alionyesha kwamba huwezi kumkuza mnyama mara tatu kwa urefu, na mifupa yake mara tatu kwa unene, ukategemea kwamba atasimama. Urefu ukiongezeka mara tatu, eneo la mkato wa mfupa huongezeka mara tisa, lakini uzito unaobebwa na mfupa huo huongezeka mara 27. Kwa hiyo jitu la kweli lingehitaji mifupa minene kupita kiasi, au lingevunjika kwa uzito wake lenyewe.

Daktari wa watoto huitumia kanuni hiyo kila siku akiigeuza kichwa chini. Mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa. Ngozi yake ni kubwa mno ikilinganishwa na uzito wake, hivyo hupoteza joto upesi, na dozi yake haikadiriwi kwa kuugawa mara mbili au mara tatu urefu wa mtu mzima.

Mjenzi wa ndege ya mfano yuko katika hali hiyohiyo. Mabawa ya 208B yana eneo la mita za mraba 25.96. Vipimo vyote vikipunguzwa mara sita, eneo hupungua mara 36 na kubaki mita za mraba 0.72. Uzito, kama mfano ungekuwa nakala kamili, ungepungua mara 216. Ndege inayopaa na karibu kilo 4,000 ingezaa mfano wa kilo 18.5. Mfano huo ungeruka, lakini usingeweza kubaki hewani chini ya kilomita 67 kwa saa, na ungetua kwa kasi isiyosamehe. Ukijengwa kwa kilo 7.5, kasi hiyo ya chini hushuka hadi kama kilomita 43 kwa saa. Tofauti ya kasi hizo mbili ndiyo tofauti kati ya ndege inayoweza kuongozwa na mtu wa kawaida na ile itakayotoboa ukuta.

Hapa ndipo suala la uzito linapoacha kuwa la ustadi peke yake na kuwa la usalama wa umma. Ndege ya kilo 7.5 inayokwenda mita 20 kwa sekunde hubeba nishati ya jouli 1,500, sawa na mtu wa kilo 60 anayekimbia mita saba kwa sekunde. Mtu huyo akigongana nawe utaanguka, na huenda ukavunjika mbavu. Ile ya kilo 18.5 kwa kasi hiyohiyo hubeba jouli 3,700. Kila gramu inayopunguzwa mezani ni gramu ambayo haitamgonga mtu uwanjani.

Hewa nayo haipunguzwi. Wahandisi hupima uhusiano wa hewa na bawa kwa namba ya Reynolds. Kwa Cessna ya kweli ikiwa safarini namba hiyo ni milioni kadhaa. Kwa mfano wetu, wenye bawa la sentimita 27 kutoka mbele hadi nyuma, ni kama 270,000 tu. Katika hali hiyo hewa huliacha bawa mapema zaidi, hasa kwenye ncha, na ndege hulalia ubavu ghafla ikiwa karibu na ardhi. Ndiyo maana msanifu mwenye busara haiigi ndege ya kweli kwa kila kitu. Huupinda mwisho wa bawa kidogo kuelekea chini, nyuzi mbili hivi, ili ncha iendelee kushika hewa baada ya shina kuiachia. Mtazamaji aliye chini haioni hila hiyo. Kwa maoni yangu, sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii ni kujua mahali pa kuacha kufuata picha.

Povu na mfupa

Bawa zima la mfano huu, pande zote mbili, lina ujazo wa lita 20 hivi. Likichongwa kwa mbao ya balsa iliyo shupavu, ambayo mita yake moja ya ujazo huweza kufika kilo 160, litakuwa na kilo 3.2. Likikatwa katika polistireni nyeupe ya kilo 20 kwa mita ya ujazo, litakuwa na gramu 400. Hakuna hoja nyingine inayohitajika kueleza kwa nini watu wameikimbilia povu.

Lakini povu peke yake ni dhaifu. Likunje kwa vidole na litakatika kwa mkato mkavu. Nguvu hupatikana linapovishwa ngozi. Mabawa yenye mzigo huvutwa upande wa chini na kusukumwa upande wa juu, na katikati hakuna kazi kubwa isipokuwa kuzitenganisha ngozi hizo mbili zisikaribiane. Kwa hiyo kitambaa chepesi cha nyuzi za kioo chenye gramu 50 kwa mita ya mraba, kikilowanishwa kwa epoksi na kulazwa juu ya povu, hulifanya bawa kuwa gumu mara nyingi zaidi kwa nyongeza ya gramu 150 au 200. Asiye na fedha ya kitambaa hutumia karatasi ya kaki na gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji. Hutoka bawa zito kidogo, lakini la kuaminika, na lisilo na epoksi. Faida ya jambo hilo la mwisho nitaieleza baadaye.

Mwanafunzi wa anatomia ameshaliona jambo hili. Mfupa wa fuvu una bamba gumu nje, bamba gumu ndani, na katikati tabaka lenye vitundu kama sifongo. Mfupa wa paja ni bomba. Ugumu wake uko pembeni, mbali na kitovu, ambako nguvu za kupinda ni kubwa zaidi, na vichwani mwake umejaa mfupa wenye vitundu unaosambaza mzigo. Mjenzi wa bawa hufanya vilevile. Hupitisha bomba la nyuzi za kaboni ndani ya povu kutoka bawa moja hadi jingine kupitia mwilini. Tukikadiria kwamba ndege ya kilo 7.5 itaivuta kona kwa nguvu mara nne ya uzito wake, bomba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 1.5 litapata mkazo wa megapaskali 130 na ushei. Kwa kaboni hiyo ni kazi nyepesi. Mfupa mgumu wa paja la binadamu ukivutwa kwa mkazo huohuo huwa umefika ukingoni mwa kuvunjika.

Uzito uliobaki hugawanywa kwa ubahili. Betri huchukua kilo moja na kidogo, mota nusu kilo, magurudumu na miguu yake gramu 700, mota ndogo nane za kusukuma usukani gramu 400. Mkia ndio wa kuogopwa. Kitovu cha uzito wa ndege hii lazima kikae kati ya milimita 68 na 82 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, tukipima katika bawa la wastani. Kwa kuwa mkia uko mbali na kitovu hicho kuliko mahali pa betri puani, kila gramu ya rangi au gundi inayoongezwa mkiani hudai gramu mbili hivi za risasi mbele. Ndege ambayo kitovu chake kimerudi nyuma huinua pua yenyewe, hupoteza kasi na kuanguka, na rubani aliye chini hana muda wa kutambua kilichotokea.

Waya unaotoa moshi

Povu haikatwi kwa msumeno, maana hutoa chembe zinazong'ang'ania kila kitu. Hukatwa kwa waya mwembamba wa nikromu uliovutwa kwenye upinde na kupitishiwa umeme hadi upate moto. Violezo viwili vya mbao, kimoja chenye umbo la shina la bawa na kingine chenye umbo la ncha, hubandikwa pande mbili za bonge la povu. Watu wawili hushika ncha za upinde na kuutelezesha waya juu ya violezo. Kwa kuwa shina ni pana kuliko ncha, aliye shinani lazima aende upesi kuliko mwenzake. Kwa hiyo violezo hugawanywa kwa alama kumi zenye namba, na wakataji huhesabu kwa sauti ili wafike kwenye kila namba pamoja. Bawa likitoka na mawimbi, ujue hesabu ilipotea.

Waya wenye joto linalofaa huteleza bila moshi unaoonekana, na nyuma yake huacha nyuzinyuzi kama za utando wa buibui. Ukitoa moshi, umezidi joto. Hapo povu huyeyuka kwa upana usiotabirika na umbo la bawa huharibika, kwa hiyo moshi ni kosa la ufundi kabla ya kuwa kosa la afya. Ndani ya moshi huo kuna stairini, kemikali inayowasha macho na koo na kuleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, liliiweka stairini katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi wa binadamu uliotazamwa ulitokana zaidi na wafanyakazi waliokaa nayo miaka mingi kazini, si na mtu anayekata mabawa mawili kwa mwaka. Hata hivyo kazi hii ifanyike nje au kwenye upenyo wa hewa unaouondoa mvuke mbali na uso. Barakoa ya kitambaa, na hata ile inayozuia vumbi, haizuii mvuke.

Kuna onyo moja ambalo halina kadiri wala kiasi. Povu la manjano au la rangi ya maziwa lililomo katika kuta za friji, na katika masanduku mengi ya kubebea chanjo, si polistireni bali poliyurethani. Hilo lisikatwe kwa waya wa moto kamwe. Likiungua hutoa isosianati, ambazo zinaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, pamoja na sianidi ya hidrojeni. Mtu anayeokota povu kwenye lundo la vifaa vilivyotupwa, na hasa vya hospitali, ajue kwanza ameokota nini. Poliyurethani hukatwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa, nje, kwa barakoa ya vumbi.

Gundi

Gundi ya haraka ambayo wengi huiita supagluu ni sianoakrilati. Iligunduliwa mwaka 1942 na Harry Coover, mkemia wa Kodak, na katika vita vya Vietnam ilipuliziwa kwenye majeraha kuzuia damu. Leo aina zake zenye minyororo mirefu ya kemikali hutumiwa hospitalini kufungia mipasuko ya ngozi. Historia hiyo imewafanya mafundi kadhaa waamini kwamba chupa ya dukani nayo hufaa kwa kidole kilichokatwa. Haifai. Aina ya dukani ina mnyororo mfupi, huvunjika upesi ndani ya tishu na kutoa formaldehidi, tena si safi dhidi ya vimelea.

Juu ya polistireni gundi hiyo ya kawaida hufanya jambo jingine la ajabu: huila povu. Tone moja huchimba shimo, kama petroli na asetoni zifanyavyo. Kuna aina iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya povu. Ikimwagikia nguo ya pamba au sufi, sianoakrilati hugandana kwa kasi kubwa na kutoa joto la kuunguza ngozi iliyo chini yake. Fundi asivae glovu za pamba wala kufuta mmwagiko kwa kitambaa cha pamba. Vidole vikigandana, vilowekwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na kusokotwa taratibu kama mtu anayeviringisha kalamu, visivutwe. Ikiingia jichoni, mgonjwa aoshwe kwa maji mengi na apelekwe kwa daktari wa macho, na mtu yeyote asijaribu kuyafungua makope kwa nguvu. Kwa kawaida gundi huachia yenyewe baada ya siku chache. Ngozi ya kope iliyochanwa huchukua muda mrefu zaidi.

Epoksi ni mpole kwa povu, na ndiyo inayoshika mabomba na vitambaa. Upole wake unadanganya. Haichomi wala haiwashi siku ya kwanza, na fundi huizoea kiasi cha kuilainisha kwa kidole. Siku moja, pengine baada ya ndege ya tatu au ya kumi, mikono na kope huvimba, huwasha na kutoa malengelenge. Mwili umejifunza kuitambua epoksi kama adui, na ujuzi huo haufutiki. Tangu hapo hata kiasi kidogo sana hurudisha ugonjwa. Wapo waliolazimika kuiacha kazi hii kabisa kwa sababu hiyo. Glovu za mpira wa asili hupenywa kwa urahisi. Zinazohitajika ni za nitrili, zibadilishwe mara zinapochafuka. Epoksi iliyogusa ngozi ioshwe kwa sabuni na maji, isifutwe kwa spiriti, kwa maana spiriti huiyeyusha na kuisambaza ngozini. Hii ndiyo sababu niliisifu karatasi ya kaki. Kwa shule au klabu ya vijana, bawa la karatasi na gundi ya mbao lenye gramu 100 za ziada ni biashara nzuri.

Mabomba ya kaboni yakatwe na kusuguliwa yakiwa yamelowa maji. Vumbi lake likiwa kavu huwasha ngozi na njia ya hewa, na vibanzi vyake vyeusi huzama kidoleni, huvunjika na havionekani vyema kwenye eksirei.

Umeme

Kwa kilo 7.5 mota hupewa wati 1,600 hivi. Betri mbili za lithiamu polima zenye seli nne kila moja huunganishwa kwa mfululizo na kutoa volti 29.6, na zikiwa zimejaa 33.6. Rafadha ya Cessna, yenye kipenyo cha mita 2.69, ikipunguzwa mara sita hutoa kipenyo cha sentimita 45, na kwa bahati njema ndicho kinachofaa kwa mota ya ukubwa huu. Ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha yake hukata hewa kwa kasi ya kilomita 600 kwa saa.

Watu wengi huogopa injini za petroli na kuziamini mota za umeme kwa sababu hazina kelele wala moshi. Kwa mikono, hali ni kinyume. Injini ndogo ya petroli ikipiga kitu mara nyingi huzimika. Mota ya umeme ikizuiwa huongezewa umeme na kifaa chake cha kudhibiti, ambacho kimeundwa kuutafuta mzunguko ulioamriwa, nayo huendelea kupiga. Tena haihitaji kuwashwa kwa mkono. Betri ikishachomekwa, rafadha inaweza kuanza kwa kuguswa kwa kijiti cha redio, kwa mkono wa shati uliokipitia kijiti hicho, au kwa redio iliyopangwa vibaya. Majeraha yanayotokana nayo si mkato mmoja bali mikato kadhaa sambamba nyuma ya vidole na kiganja, yenye kano zilizokatika na mifupa iliyovunjika, na hayahukumiwi kwa ukubwa wa tundu la ngozi. Kano ya kunyoosha kidole ikipuuzwa siku ya kwanza, huwa vigumu zaidi kuitengeneza baada ya wiki tatu.

Kwa hiyo rafadha huvuliwa wakati wote wa majaribio ya mezani. Huu ndio ushauri ambao mafundi huuvunja zaidi, kwa kuwa kuivua na kuirudisha huchukua dakika mbili. Redio huwashwa kabla ya ndege na kuzimwa baada yake. Kipokezi hupangwa kuzima mota papo hapo mawasiliano yakikatika, na jambo hilo hujaribiwa, haliaminiwi tu.

Betri yenyewe ina tabia zake. Seli isichajiwe kupita volti 4.2, isishushwe chini ya 3.0, na ichajiwe mbele ya macho ya mtu, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na mlango wa kutokea. Iliyovimba imekwisha, hata kama bado inafanya kazi. Ikishika moto hutoa moshi wenye floridi ya hidrojeni, ambayo hushambulia mapafu; wa kwanza kuokolewa ni watu, betri iachwe iungue. Aliyevuta moshi huo apelekwe hospitali hata akijisikia mzima, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Aliyeungua mkono auweke chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Yule Archibald McIndoe tuliyemtaja mwanzoni alijipatia sifa kwa kuwatibu marubani walioungua nyuso na mikono katika Vita Kuu ya Pili, huko East Grinstead, Uingereza. Alipinga desturi ya wakati wake ya kupaka asidi ya taniki iliyogandisha ngozi na kuvikunja vidole, akatumia badala yake maji ya chumvi, baada ya kuonekana kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko wengine.

Povu linalobeba damu

Si haki kuizungumzia povu kwa hatari zake tu. Ndege zisizo na rubani ambazo kampuni ya Zipline ilianza kuzirusha nchini Rwanda mwezi Oktoba 2016 kutoka Muhanga, zikidondosha mifuko ya damu kwa miavuli kwenye hospitali za vijijini, zina mabawa yasiyozunguka kama ya mfano wetu, na gamba lake la nje ni la povu jepesi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha kwamba upotevu wa damu iliyopita muda wake katika vituo vilivyohudumiwa ulipungua kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja. Mwaka 2018 ndege ya aina nyingine ilijaribiwa kwa miezi sita juu ya Ziwa Victoria, ikipeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60, kwa dakika 40 hivi. Wanaozisanifu ndege hizo hukabiliana na maswali yaleyale ya kitovu cha uzito, ngozi na kiini. Kijana aliyekata bawa lake mwenyewe kwa waya ataelewa mara moja kwa nini ndege ya damu imefanana vile.

Siku ya kuruka

Mamlaka za usafiri wa anga za nchi zetu zina masharti kuhusu ndege zisizo na rubani, na ruhusa hutafutwa kabla, si baada ya kukamatwa. Uwanja uwe mbali na njia za ndege, shule na barabara. Watazamaji wote wakae nyuma ya rubani. Hakuna anayesimama mbele ya rafadha wala ubavuni mwake, katika mduara inamozunguka, kwa maana ikivunjika vipande huruka huko. Ndege hushikwa na msaidizi kutokea nyuma ya bawa wakati betri inapochomekwa.

Safari ya kwanza ni fupi. Dakika nne zinatosha, ingawa betri inaweza nane: kupaa dhidi ya upepo, kupanda juu ya kutosha, kupunguza mota hatua kwa hatua ili kuona ndege inavyoanza kulegea ikiwa bado ina nafasi ya kupona, kisha kutua kwa kasi iliyo juu kidogo ya ile iliyopatikana huko angani. Mfano wa Cessna ukija kutua dhidi ya jua la jioni hufanana na ndege ya kweli kiasi cha kumfanya rubani asahau kwamba iko mita 80 tu kutoka kwake.

Katika sanduku la huduma ya kwanza viwemo bandeji pana, shashi safi, maji safi ya chupa, glovu na mifuko miwili ya plastiki. Damu inayotoka mkononi huzuiwa kwa kubana moja kwa moja juu ya jeraha na kuuinua mkono, si kwa kufunga kamba. Kidole kikikatika kabisa, kifungwe katika shashi iliyolowanishwa kwa maji safi na kukamuliwa, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe ndani ya mwingine wenye maji na barafu. Kisigusane na barafu yenyewe, na kisielee ndani ya maji. Kiende katika gari lilelile linalompeleka mgonjwa, na wahudumu waambiwe saa kilipokatika na lini mgonjwa alichanjwa pepopunda.